Safu ya "Anakokwenda": kwa nini gesti haigeuki kirahisi kuwa hifadhi ya wasio na makazi

Kitabu cha wageni cha gesti za Mbeya, ukiingia tano utakuta vinne vinafanana. Ni daftari kubwa la kaunta, jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mgeni.

Julai moja basi letu liliharibika Igawa na tukaingia mjini usiku mkubwa. Nikatafuta chumba maeneo ya Mafiati. Mbele yangu, pale dirishani pa mapokezi, alikuwa amesimama mama na watoto wawili, mdogo kamfunga mgongoni kwa kitenge na juu yake kamfunika blanketi. Aliyewahi kukaa Mbeya anaijua baridi ya Julai.

"Karibu mama. Unatoka wapi?"

"Hapa hapa mjini."

"Na unakwenda wapi?"

Mama akanyamaza. Dada wa mapokezi akadhani hajasikika, akauliza tena.

"Mdogo wangu, sina ninakokwenda. Nimetolewa vitu nje."

Yule dada aliangalia daftari, akaangalia watoto, akasema kwa sauti ya chini kwamba lazima aandike kitu, maana polisi wakija kukagua wakikuta safu tupu wanamuuliza yeye. Akaandika Kyela. Mama akahesabu shilingi 15,000, noti za elfu mbili mbili zilizokunjwa kunjwa na elfu moja ya sarafu, akasema "ndaga" na kupokea ufunguo. Nilipoamka asubuhi walikuwa wameshaondoka, chumba kinafagiliwa.

Nalikumbuka daftari lile kila mvua zinapobomoa nyumba za watu na swali lile lile linaporudi kwenye vijiwe na kwenye magrupu ya simu: gesti zina vyumba vitupu, vina vitanda na mablanketi, kwa nini watu walazwe sakafuni madarasani? Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele liliposhuka na kufukia nyumba na majengo ya shule katika kata ya Itezi, hapa hapa jijini Mbeya, swali hilo lilikuwa halali kabisa. Ni halali pia Kyela, ambako Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hutapika maji mashambani na majumbani, na ni halali kwa watu wa tambarare za Pawaga kule Iringa.

Wengi hudhani kuna sheria moja mahali fulani inayosema gesti ni marufuku kuhifadhi asiye na makazi. Tungekuwa na sheria ya namna hiyo, kazi ingekuwa nyepesi, maana tungejua cha kwenda kubadilisha. Kilichopo ni sheria kadhaa, kila moja imetungwa kwa jambo lake, na zote zinamfikiria mtu mmoja tu: msafiri. Mtu mwenye alikotoka na anakokwenda, anayelala usiku mmoja au mitatu, kisha akaendelea na safari yake. Asiye na pa kwenda hakufukuzwa na sheria hizo. Zilipoandikwa, hakuna aliyemfikiria.

Mtu asiye na kwao

Kiswahili chetu kina shida na mtu huyu kabla sheria haijafika. "Homa", "njaa", "deni" ni maneno ya mambo yanayompata mtu kisha yakapita. Kukosa makazi hatuna neno la namna hiyo. Tuna "chokoraa", tuna "mzururaji", tuna "ombaomba", na yote yanamwelezea mtu kana kwamba ndivyo alivyoumbwa. La ukali zaidi ni "hana kwao". Huku kwetu, Msafwa, Mnyakyusa, Mhehe au Mbena, kila mtu anahesabiwa kuwa na kwao, na kwao si lazima pawe anapoishi. Unaweza kuwa umezaliwa Soweto ya Mbeya, umesoma hapo, umeolewa hapo, bado ukiulizwa kwenu wapi utataja kijiji cha babu Rungwe.

Dhana hii ni nzuri, imewalea wengi. Lakini imeingia serikalini ikawa sera. Kama kila mtu ana kwao, basi anayelala kwenye kibaraza cha duka Mwanjelwa tatizo lake ni kwamba hajarudi, na dawa yake ni kumrudisha. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilisimama juu ya wazo hilo: watu waliokamatwa mijini bila kazi iliyotambulika walipakiwa na kupelekwa vijijini. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, nayo ina vifungu vya 176 na 177 kuhusu wazembe na wazururaji, ambavyo mizizi yake ni sheria za Waingereza dhidi ya maskini wa kwao wenyewe.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake. Maoni ya ushauri hayafuti kifungu cha nchi yoyote. Lakini yanampa nguvu anayedai kwamba kulala nje ni shida ya kusaidiwa. Huko Marekani mahakama ya juu ilikwenda upande wa pili: tarehe 28 Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, majaji sita dhidi ya watatu walisema mji unaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hauna kitanda cha kuwapa.

Milango ya gesti

Tuseme mwenye gesti moja ya Uyole ana moyo. Ana vyumba 12, mvua imekolea, wageni wachache, na kata ya jirani kuna kaya nane zimefunikwa na tope. Anamwambia mwenyekiti wa mtaa: waleteni kwangu. Kinachofuata ndicho kinachowachanganya watu.

Mlango wa kwanza ni ardhi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na kila kiwanja kina matumizi yaliyoidhinishwa. Nyumba ya kulala wageni ni matumizi ya biashara. Makazi ni matumizi mengine. Kituo cha kulea watu ni mengine tena. Ukitaka kutoka moja kwenda jingine unaomba kibali cha kubadili matumizi, na kibali kinapita kwa wataalamu na vikao. Je, kaya nane zikilala wiki mbili matumizi yamebadilika? Mtu mwenye busara atasema hapana: ni gesti ile ile, vitanda vile vile, waliobadilika ni wageni. Zikikaa miezi sita, zikipika uani, watoto wakienda shule kutokea hapo? Sasa jibu si jepesi, na hapa ndipo ofisa wa mipango miji mwenye nia njema na mwenye nia mbaya wote wanapata pa kusimama.

Hoja hiyo ndiyo iliyotikisa Uingereza Agosti 2025. Halmashauri ya Epping Forest ilikwenda mahakamani kuzuia Bell Hotel isiendelee kuwahifadhi waomba hifadhi kutoka nje ya nchi, ikidai matumizi ya jengo yamebadilika bila kibali. Tarehe 19 ikapewa zuio la muda, tarehe 29 Mahakama ya Rufani ikaliondoa. Ndani ya siku kumi hoteli ile ile, watu wale wale, majibu mawili. Mwenye gesti wa Uyole hana mawakili wa kumsimamia siku kumi.

Mlango wa pili ni tofauti kati ya mgeni na mpangaji, na nauona kuwa mzito kuliko yote ingawa hauzungumzwi. Mgeni wa gesti ana ruhusa ya kulala tu. Saa nne asubuhi ruhusa imekwisha, anarudisha ufunguo. Mpangaji ana haki ndani ya chumba: ana mkataba, hata wa mdomo, anastahili notisi, hatolewi vitu nje kwa sababu mwenye nyumba ameamka vibaya. (Yule mama wa Mafiati alitolewa, kutolewa vitu kunatokea, lakini hakukuwa halali kwa sababu tu kumetokea.) Mwenye gesti anayemkaribisha mtu bila tarehe ya kuondoka anaogopa siku moja kusikia: mimi si mgeni wako tena, mimi ni mpangaji. Hofu hiyo si ya kubuni. California, mtu akishakaa hotelini siku 30 sheria huanza kumhesabu mpangaji, na baadhi ya hoteli zilizoea kuwatoa maskini siku ya 28, wakazunguka nje kidogo, kisha wakaandikishwa upya kama wageni wapya. Sheria ya jimbo inaikataza hila hiyo, na bado jina lake linajulikana mitaani: mzunguko wa siku 28.

Milango mingine nitaipita haraka. Leseni ya biashara inatolewa kwa shughuli iliyotajwa. Zimamoto wanakagua jengo kwa idadi fulani ya watu kwa chumba, na hapa nipo upande wao kabisa: gesti zetu nyingi zina nondo madirishani na mlango mmoja wa kutokea, na watu sita chumbani pamoja na jiko la mkaa ni msiba unaosubiri kutokea. Ofisa afya anatazama vyoo na matandiko. Halmashauri inadai ushuru wa nyumba za kulala wageni kwa kila anayelala, na mgeni asiyelipa anazua swali: ushuru wake unadaiwa au haudaiwi? Nimesikia mwenye gesti akisema waziwazi kwamba hilo tu, la kuja kubishana na mkusanya mapato, linatosha kumfanya afunge mlango.

Na kuna polisi. Gesti huishi chini ya macho yao kwa sababu za maana: wahalifu wanaojificha, biashara ya ngono, usafirishaji haramu wa binadamu, ambao katika njia kuu hii ya kwenda Tunduma ni jambo la kweli. Kitabu cha wageni kipo kwa ajili hiyo. Mtu asiye na kitambulisho, asiye na barua ya serikali ya mtaa, asiyejua anakwenda wapi, machoni pa msako anafanana sana na anayetafutwa. Na barua ya mtaa ataipataje? Mtendaji anaandika barua kwa mkazi wake. Aliyepoteza nyumba amepoteza mtaa, aliyepoteza mtaa hapati barua, na bila barua safari ya kitambulisho cha taifa haianzi.

Nani mwenye ufunguo

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Leseni, kibali cha matumizi, ushuru na sheria ndogo viko kwa mkurugenzi wa halmashauri na baraza la madiwani. Maafa hayako kwao peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji au mtaa, na wilayani anayeongoza ni mkuu wa wilaya, ambaye ni mtu wa serikali kuu. Kwa hiyo usiku wa maporomoko, mwenye amri ya kusema "watu walale pale" na mwenye mamlaka ya kusema "gesti ile inaruhusiwa kufanya hivyo" ni ofisi mbili. Zikielewana mambo yanakwenda. Zisipoelewana, au zikiwa hazijawahi kuzungumza jambo hilo kabla, kila mmoja atachagua njia isiyomhitaji mwenzake. Njia hiyo ni shule, kwa sababu shule ni mali ya umma, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, hakuna leseni ya kuvunja wala ushuru wa kusamehe.

Hanang ilipopigwa na maporomoko tarehe 3 Desemba 2023, watu 89 wakafariki, walionusurika walihifadhiwa shuleni Katesh, na baadaye zikajengwa nyumba 109 eneo la Waret. Nyumba zile ni kazi ya kupongezwa. Lakini kati ya usiku wa tope na siku ya kukabidhiwa ufunguo kuna miezi mingi, na shule haiwezi kuibeba. Huku kwetu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu ya majira. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Mei, na milima inakuwa imelowa kabisa Machi na Aprili, wakati watoto wako madarasani. Ukilaza kaya 40 kwenye shule ya msingi umehamisha mamia ya wanafunzi. Gesti nazo zina kalenda yake: zinafurika Agosti, kwenye Nane Nane ya viwanja vya John Mwakangale, ambapo hakuna tone la mvua. Mvua zikikolea ndipo wahudumu wanapokaa kaunta wakisuka nywele.

Kwamba hoteli haiwezi kugeuzwa kwa amri, hilo nalikataa, kwa kuwa tumeshaliona likifanyika. Machi 2020, corona ilipoingia, Serikali iliagiza wasafiri kutoka nchi zilizoathirika wakae karantini siku 14 kwa gharama zao, na hoteli na hosteli zikatengwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyesubiri kibali cha kubadili matumizi. Jengo la wageni likawa sehemu ya kutengea watu ndani ya siku chache kwa sababu serikali kuu, halmashauri na maofisa wa afya walisema kauli moja. Tofauti ni kwamba wale walijilipia.

Mwaka huo huo wengine walikwenda mbali zaidi. California ilianza mpango wa Roomkey tarehe 3 Aprili 2020, ikilenga vyumba 15,000 vya hoteli kwa watu waliokuwa wakilala nje, shirika la maafa la serikali kuu, FEMA, likibeba asilimia 75 ya gharama kwa waliostahili. Uingereza iliwaondoa watu barabarani kuanzia Machi, wengi wao wakipelekwa hotelini, na kufikia Januari 2021 waliosaidiwa walikuwa wamefika 37,000. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa wameambiwa haiwezekani.

Kisha miji ikaanza kufunga milango. Mfano ninaourudia ninapozungumza na watu ni wa Norwalk, mji ulio karibu na Los Angeles. Agosti 2024 baraza lake lilipitisha katazo la muda la kufungua hifadhi mpya za wasio na makazi, na katika waraka huo huo wakaziweka pamoja na maduka ya pombe, sehemu za kufulia nguo na za kuoshea magari. Novemba jimbo likaushtaki mji. Nilipoisoma orodha ile niliwaza kile kitanda cha Mafiati na watoto wawili juu yake. Kitanda hicho hakina undugu na duka la pombe.

Lakini si kila kikomo ni ukatili, na hili nalisema hasa kwa ndugu zangu wanaharakati. England, familia yenye watoto au yenye mama mjamzito haitakiwi kuwekwa na halmashauri kwenye nyumba za kulala wageni za kulipia kwa usiku zaidi ya wiki sita, kwa agizo lililoanza kutumika Aprili 2004. Kikomo hicho kinamlinda mtoto. Kinaiambia halmashauri: chumba kimoja bila jiko si nyumba, usimwache humo ukasema umemaliza kazi. Norwalk na England wote wameweka mpaka kwenye hoteli, na ukisoma juu juu utasema ni kitu kimoja. Mmoja unamzuia mtu asiingie. Mwingine unamzuia mkubwa asimsahau aliyeingia. Sheria ndogo yoyote ya huku kwetu itakayogusa jambo hili, nitaipima kwa swali hilo kwanza.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukulie bei ya yule mama, 15,000 kwa usiku. Siku 30 ni 450,000 kwa chumba kimoja, na familia ya watu saba haiingii chumba kimoja. Sasa chukua chumba cha kupanga cha kawaida pembezoni mwa mji, tukipe 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mbele: 240,000. Kwa hiyo fedha ya mwezi mmoja wa gesti ingempangishia mtu karibu mwaka mzima. Aliyelala gesti usiku 16 ameshatumia kodi ya nusu mwaka.

Yule mama hakukosa fedha ya makazi kwa maana tunayoidhani. Alikosa fungu la mara moja. Alikuwa na 15,000 mkononi, na huenda kesho yake angepata nyingine kwa kufua au kuuza ndizi, akiitoa yote kila usiku bila kufika kwenye 240,000. Tangu sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, kodi ya mbele ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na maskini huingia kwenye mapatano hayo akiwa amepiga magoti.

Ndiyo maana siungi mkono gesti kuwa makazi, na naunga mkono gesti kuwa daraja. Usiku 14 kwa 15,000 ni 210,000 kwa chumba. Halmashauri ikiwa na fungu dogo la dharura, wiki mbili hizo zinatosha maofisa wa ustawi wa jamii kujua nani ana ndugu wa kumpokea, nani anahitaji kusaidiwa kodi ya miezi sita, nani ni mgonjwa, nani ni mzee wa kupelekwa kwenye makazi ya wazee ya Serikali. Ikipita hapo, gesti inaanza kula fedha ambayo ingejenga.

Nguvu ya kuandika jambo hili ipo. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, Na. 8 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi hutangaziwa watoe maoni, waziri huidhinisha, kisha inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Kifungu kifupi kingetosha: kamati ya maafa ya wilaya ikitangaza dharura, gesti iliyoandikishwa mapema na kukaguliwa na zimamoto inaweza kupokea watu kwa siku zisizozidi 14 bila kuhesabiwa imebadili matumizi, ushuru wa usiku hizo unasamehewa, aliyepokelewa anabaki mgeni kisheria lakini hatolewi kabla ya siku zake kwisha, na kwenye safu ya anakokwenda panaandikwa namba ya barua ya kamati. Mistari minne tu, kuhusu mambo manne yanayowatia hofu watu wanne tofauti.

Mtoto aliye peke yake asiingizwe humo hata kwa bahati mbaya. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inaibebesha halmashauri jukumu la kulinda watoto wa eneo lake, na kumhifadhi mtoto nje ya familia kuna taratibu zake, makao yenye leseni na ofisa ustawi anayejulikana. Korido ya gesti usiku, na wageni wanaume wanaopita na vinywaji, si mahali pa msichana wa miaka 13 anayelala stendi. Kwa hao, katazo ni sahihi.

Katiba haitusaidii sana katika hili. Ibara ya 11 inataja wajibu wa nchi kwa mtu aliyefikwa na uzee, maradhi au ulemavu, lakini iko kwenye sehemu ya malengo ya Taifa, na ibara ya 7(2) inasema mahakama haina uwezo wa kuamua juu ya sehemu hiyo. Huwezi kwenda na ibara hiyo mahakamani ukadai kitanda. Unaweza kwenda nayo kwenye kikao cha madiwani.

Mimi nilianzia chini zaidi. Kabla ya mvua za msimu uliopita nilikwenda kwa mtendaji wetu, nikamwomba anionyeshe orodha ya majengo ya kuhifadhia watu kukitokea maafa. Alikuwa nayo, jambo ambalo lilinifurahisha. Karatasi moja ndani ya faili la kijani: shule ya msingi, shule ya sekondari, kanisa. Nikamuuliza kuhusu gesti tatu zilizopo barabara ya juu. Akasema hajawahi kuzifikiria, kisha akanyamaza kidogo, akafungua kifuniko cha kalamu.

"Sawa kaka, naweza kuziandika na kuwaita wenyewe tuongee. Ila watakachoniuliza cha kwanza nakijua."

"Nani atawalipa?"

"Hapana. Watauliza mashuka nani atafua."

Nikamwambia basi tuanze kuandika hapo. Akaandika: mashuka.